Mtego ulimpa askofu, ushindi aliutafuta mwenyewe: uchambuzi wa mchezo mmoja wa sataranji, Unguja

Usuli

Mchezo huu ulichezwa Unguja, kwenye mashindano ya mwisho wa wiki yaliyofanyika katika ukumbi wa skuli. Ilikuwa raundi ya nne kati ya tano. Kila mchezaji alipewa saa moja, na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua. Majina, skuli na mwaka nimeviondoa, na mambo mengine madogo ya wachezaji nimeyageuza wasije wakatambulikana. Hatua za mchezo sijazigusa: ni zile zilizoandikwa kwenye karatasi zao mbili, na wote wameridhia zitumike kufundishia.

Nyeupe ni mtu mzima wa Mjini, mcheza bao wa siku nyingi aliyeingia sataranji ukubwani. Ana jicho kali, na mkono wake ni mwepesi mno. Alikuwa hajapoteza hata mchezo mmoja mpaka raundi hiyo. Nyeusi ni msichana wa sekondari kutoka Pemba, aliyevuka na wenzake kwa boti ya Mkoani. Yeye alikuwa ameshapoteza mmoja, tena mchezo aliokuwa mbele kwa farasi mzima. Hilo la kupoteza akiwa mbele lina maana katika kisa hiki, na ndilo lililonifanya niombe karatasi zao.

Kwa asiyezoea maandishi ya mchezo: K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi, na askari hawana herufi. O-O ni mfalme kuingizwa nyumbani upande wa karibu, alama ya x ni kula, + ni cheki (mfalme kushambuliwa). Herufi ndogo na namba, kama d4, ni mraba wa ubao, na nukta tatu baada ya namba zina maana hatua ni ya Nyeusi. Tafadhali weka ubao mbele yako. Mchezo huu hausomeki kwa macho matupu.

Ufunguzi

1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bb5 a6 4.Ba4 d6

Huu ni ufunguzi wa Kihispania, unaoitwa kwa jina la padri Ruy López, aliyeuandika katika kitabu chake cha 1561. Hatua ya nne ya Nyeusi inafungamana na Wilhelm Steinitz, bingwa wa kwanza wa dunia tangu 1886. Ni ulinzi mgumu, haupendezi kwa macho, na vijana wengi wanaukwepa kwa kuwa unambana aliyeuchagua. Nyeusi aliniambia anaupenda kwa sababu hiyohiyo: "Wananidharau mapema, wanakuja mbio."

5.d4

Nyeupe naye akaja mbio. Hatua hii haijavunja sheria yoyote ya ufunguzi, ila inataka umakini. 5.c3 au O-O ndizo za mtu asiyetaka matatizo.

5...b5 6.Bb3 Nxd4 7.Nxd4 exd4

Sasa kuna askari mweusi pale d4, yuko peke yake, na malkia mweupe anamtazama uso kwa uso. Nyeupe alimla kwa sekunde chache tu.

8.Qxd4 c5

Nilikuwa nimesimama meza ya pili. Nyeupe alikuwa bado amemshika askari aliyemla, anamviringisha vidoleni, c5 ilipotua. Vidole vikasita. Askari yule alimweka mezani polepole, nje ya ubao, akavuta kiti mbele. Tangu raundi ya kwanza sikuwa nimemwona akivuta kiti.

9.Qd5 Be6 10.Qc6+ Bd7 11.Qd5 c4

Malkia akienda d5 anatisha mambo mawili kwa pamoja: kula f7 kwa chekimeti (mfalme kushambuliwa bila pa kukimbilia), na kula ngome ya a8. Be6 inaziba njia ya f7, na askofu akishatoka c8 malkia mweusi anailinda a8. Cheki ya c6 inazibwa na askofu huyohuyo, malkia anarudi d5, na hapo ndipo c4 inapofunga mlango. Askofu wa b3 amezungukwa na askari, hana pa kutokea, na njia yake ya kwenda f7 imezibwa. Mtego huu unajulikana kwa jina la Safina ya Nuhu, na umewanasa wakubwa. Endre Steiner wa Hungaria aliingia humohumo mbele ya Capablanca, bingwa wa zamani wa dunia, Budapest, mwaka 1929.

12.Bxc4 bxc4 13.Qxc4

Hapa wengi wanafunga kitabu. Wanaandika "Nyeusi anashinda" na kwenda mtego mwingine. Hebu tuhesabu kwanza. Nyeusi ana askofu wa ziada, lakini Nyeupe amelipwa askari wawili: wake ni saba, wa Nyeusi watano. Malkia wa Nyeupe yuko katikati ya ubao, na upande wa malkia ana askari watatu, a, b na c, dhidi ya mmoja aliye peke yake pale a6. Kwa bingwa, mchezo umekwisha. Kwa wachezaji wa kiwango chetu, wenye saa inayotembea na tumbo linalosubiri chakula cha mchana, nimeona nafasi kama hii ikipotea zaidi ya ilivyoshinda.

Katikati ya mchezo

13...Nf6 14.Nc3 Be7 15.O-O O-O 16.Bg5 Be6 17.Qd3 Qb6 18.b3 Rac8

Nyeusi hakukimbilia chochote. Alitoa kete zake, akamwingiza mfalme nyumbani, akamsukuma malkia mweupe kwa askofu, na kila kete ikapata kazi. Malkia wa b6 anamlinda askari wa a6, na alimtisha yule wa b2 mpaka akasogezwa b3. Ngome ya c8 inamtazama farasi wa c3. Hiyo si ngome ya mapambo: tayari kuna tishio la Rxc3, malkia akila c3, farasi mweusi anakula e4 na kumpiga malkia na askofu wa g5 kwa mpigo mmoja.

19.Na4 Qc6

Nyeupe aliliona tishio, akamtoa farasi c3 na kumpeleka pembeni ili amfukuze malkia. Malkia akasogea hatua moja tu, c6, na pale akawa anatazama kila kitu: e4 akisaidiana na farasi, c2 akisaidiana na ngome iliyo nyuma yake, na farasi mwenyewe wa a4. Nyeupe akalazimika kubadilishana.

20.Bxf6 Bxf6 21.Rac1 Bg5 22.f4 Be7 23.f5 Bd7 24.Nc3

Askofu alipokula f6 akawa anaitazama ngome ya a1 kwa mbali, ngome ikahamia c1, askofu akaifuata kwa g5. Nyeupe akajibu kwa askari wa f, na lazima nikiri kuwa aliucheza upande huu kama mtu asiyejua kuwa yuko nyuma. Askari wa f5 amemrudisha askofu d7. Farasi anarudi c3 na macho yake yako d5.

Uamuzi wa hatua ya 24

Hapa ndipo kisa kilipo. Nyeusi alikaa dakika kumi na mbili, na alibakiwa na chini ya dakika ishirini. Wenzake wawili kutoka Pemba, waliokwishamaliza, walikuwa wamesimama nyuma ya kamba wakihangaika kuliko yeye.

Hatua inayojileta yenyewe ni 24...Bf6. Askofu, malkia na ngome zote zinamlenga farasi wa c3, anayelindwa na malkia peke yake. Mchezaji anayejua kwamba ana kete ya ziada huipenda hatua kama hii: inaonekana safi, na inaonekana inakula. Lakini 25.Nd5 inamshambulia askofu huyohuyo, na askofu akikimbilia pale panapoonekana pazuri, e5, farasi anaruka e7 kwa cheki. Kutoka e7 anampiga mfalme g8, malkia c6 na ngome c8, wote watatu. Mfalme atasogea, malkia ataliwa, na kete ya ziada itakuwa hadithi.

Nilimuuliza baadaye alikuwa anafikiria nini muda wote ule. Alisema alikuwa ameshaushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, chini ya meza, asije akagusa. Kwenye mashindano kete ukiigusa lazima uicheze. Mchezo wake aliopoteza asubuhi ulipotea namna hiyo: farasi wa adui kwenye e7, cheki. Safari hii alijiuliza farasi anataka kwenda wapi kabla ya kujiuliza yeye anataka kula nini. Akagundua kuwa malkia wake pale c6 na ngome pale c8 ndio wanaomtamanisha farasi. Basi akamwondoa malkia kwanza, tena kwa cheki.

24...Qc5+ 25.Kh1 Bb5

Hatua ya pili ndiyo tamu. Malkia alipoondoka c6, njia ya askofu kwenda b5 ikafunguka. Kutoka b5 askofu anampiga malkia wa d3, na nyuma ya malkia, kwenye mstari uleule, kuna ngome ya f1. Nyeupe hana njia nzuri ila kumla kwa farasi. Farasi aliyekuwa tishio lote anaondoka ubaoni, na kete zinapungua, jambo ambalo mwenye kete ya ziada ndilo analolitaka.

26.Nxb5 axb5

Mwisho wa mchezo

27.f6 Bxf6 28.Rxf6 gxf6 29.Qg3+ Kh8 30.Qh4 Qe5

Nyeupe hakusalimu amri. Akatoa askari, akatoa ngome kwa askofu, ili kuvunja ukuta wa mfalme mweusi. Hesabu haikuwa upande wake, lakini alijua anachokitafuta: cheki zisizokwisha, na sare. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imeshasomwa, ukumbi umebaki na meza tatu, na saa ya Nyeusi inaonesha dakika nne na ushei. Malkia wa e5 anamlinda askari wa f6, na ndiyo sababu aliwekwa pale.

31.Rf1 Rxc2 32.Rxf6

Nyeupe ameila f6 kwa ngome, na malkia wake wa h4 yuko nyuma kuilinda. Ngome hiyo iko mbele ya malkia mweusi, inalika. Kijana mwingine angekula kwa furaha. 32...Qxf6 33.Qxf6+ Kg8 34.Qg5+ Kh8 35.Qf6+, na mfalme hana pa kwenda zaidi ya kurudi g8, kisha h8, kisha g8. Ngome mbili za Nyeusi zinatazama tu. Sare.

Nyeusi alitumia dakika tatu kati ya nne alizobakiwa nazo.

32...Rc1+

Nyeupe alitazama mstari wa kwanza. Akirudisha ngome f1, inaliwa na ni chekimeti. Akiweka malkia e1, malkia analiwa, ngome inarudi f1, inaliwa, na ni chekimeti vilevile. Akasimamisha saa na kunyoosha mkono.

"Hapo basi tena, mwanangu."

"Ahsante, ami. Umenitesa."

Matokeo

0–1, yaani Nyeusi ameshinda, kwa hatua 32. Raundi ya tano Nyeusi alipata sare, akamaliza katika nafasi tatu za juu. Nyeupe alishinda mchezo wake wa mwisho na bado akamaliza juu yake. Mashindano yana haki yake ya hesabu, hata kama moyo unasema vingine.

Uchambuzi

Nikianza na Nyeupe, kila aliyepita mezani alisema aliharibu kwenye hatua ya nane. Ni kweli, na si kweli yote. 8.Qxd4 ni kosa, na dawa yake inajulikana: 8.Bd5 kwanza, ngome ikienda b8 askofu anatoa cheki c6, maaskofu wanabadilishana d7, na ndipo malkia anakula d4 kwa raha. Askari wa d4 hana pa kukimbilia, kwa hiyo hakukuwa na haraka. Sababu ya kosa lile ni mkono, si elimu. Nyeupe alinieleza baadaye kwamba alijua 8.Bd5 tangu zamani. Alicheza malkia kwa sababu kula kwa kurudishia, mtu akishakula chako, ni jambo la kawaida, na mambo ya kawaida huyacheza bila kukaa.

Mimi naona kosa lake zito lilikuja baadaye, hatua ya 19. Aliye na upungufu wa kete anataka kete zibaki ubaoni, kwa sababu kila mabadilishano yanaufanya upungufu uonekane zaidi. Askofu mmoja dhidi ya jeshi zima si kitu. Askofu mmoja akibaki na mfalme na ngome ni balaa. 19.Na4 ilionekana ya ukali, lakini ilimwacha askari wa e4 na mlinzi mmoja, na malkia mweusi alipofika c6 Nyeupe hakuwa na budi kubadilishana askofu wake kwa farasi. Ningependa kuona 19.Bd2. Ni hatua ya unyenyekevu, inamlinda farasi wa c3 na kuacha kila kete mahali pake, na askari wa a, b na c wangekuwa na muda wa kusogea. Badala yake, askari hao watatu, malipo yake yote ya ule mtego, hawakutembea mchezo mzima ila ile hatua moja ya b3. Hilo ndilo lingenisikitisha mimi kama ningekuwa yeye.

Kilichomfaa Nyeupe ni kwamba hakukata tamaa. f4, f5, Nc3, kisha kutoa f6 na ngome: ni mashambulizi ya mtu aliyebakiwa na kidogo, na yalikuwa na mitego miwili ya kweli ndani yake. Ya kwanza hatua ya 24, ya pili hatua ya 32. Ningewashauri wanafunzi waisome sehemu hii kwa upande wa Nyeupe vilevile.

Kuhusu 25.Kh1 kulikuwa na ubishi kati yangu na mwalimu wa Nyeusi. Yeye anasema ndiyo iliyomuua Nyeupe, kwa kuwa mfalme pale h1, nyuma ya askari wa g2 na h2, ndiye aliyenaswa kwenye mstari wa kwanza. Mimi nasema mfalme h1 ni sawa, kilichokosekana ni tundu la kutokea. Nyeupe alikuwa na nafasi ya kusogeza askari wa h hatua ya 31, badala ya Rf1. Bado angekuwa nyuma kwa ngome kwa askari mmoja, ila angelazimisha mchezo uendelee, na Nyeusi ana dakika nne.

Na hapo ndipo penye udhaifu wa Nyeusi. Muda. Aliutumia vizuri hatua ya 24, sina ubishi, lakini kabla ya hapo alikaa dakika tisa kwenye 14...Be7, hatua ambayo hakuna mtu angeibishia. Akiulizwa kwa nini, anasema alikuwa anaogopa kupoteza tena akiwa mbele. Hofu hiyo ilimfanya awe makini na pia ilimla saa. Nyongeza ya sekunde 30 ndiyo iliyomwokoa. Kwenye mashindano yasiyo na nyongeza, mchezo huuhuu, hatua hizihizi, huenda angeanguka kwa saa kabla ya Rc1+.

Lililofanya kazi kwa upande wake ni mpangilio wa maswali. Vijana wengi wa siku hizi wanaijua Safina ya Nuhu kutoka kwenye simu, wanaijua mpaka hatua ya 11, na hawajui lolote kuhusu hatua ya 13. Wanakamata askofu kisha wanacheza kama wanaodai zawadi. Huyu alicheza hatua 13 mpaka 23 bila kula kete yoyote ya bure, kazi yake ilikuwa kuweka kete mahali pazuri na kuzilazimisha za Nyeupe zibadilishane. Alipofika penye hatari alimuuliza farasi wa adui kwanza. Alipofika mwisho aliacha ngome iliyo mezani na kutafuta cheki.

Kwa anayefundisha, pendekezo langu ni kulianzisha somo hatua ya 13, si ya 8. Weka ubao baada ya 13.Qxc4, mpe mwanafunzi Nyeusi, mwambie "una kete zaidi, shinda," na uwe wewe Nyeupe. Nimelifanya na vijana wanne wa hapa Mjini. Wawili walicheza Rc8 mapema, kabla ya malkia kwenda b6, wakampoteza askari wa a6 kwa malkia wa c4 bila kujua walichokosea, kwa sababu macho yao yote yalikuwa kwenye ngome waliyoisogeza.